Kitabu nimesoma, muvi nimeona: je, kupondwa kwa The Da Vinci Code kulikuwa na maana yoyote?

Nianze na hukumu ili asiye na muda asihangaike. Muvi naipa nyota tatu kati ya tano. Kitabu nakipa nne na nusu. Laibrari ya hapa Mtwara mjini iliyonijazia muvi kwenye flashi naipa nne, maana kijana wa pale ni mkweli kupita kiasi kwa mtu anayefanya biashara.

Nilipomtajia jina la muvi alinitazama kwa huruma. "Ticha, hiyo nzito. Wengi wanaichukua halafu wanarudi kunilalamikia, wanasema watu wanaongea tu mwanzo mwisho." Nikamwambia aniwekee hivyo hivyo. Shilingi mia tano yake nikampa, nikaondoka. Nilikuwa nimeshamaliza kitabu, na mtu aliyemaliza kitabu kile hazuiliki kwa neno la muuza muvi, wala la mhakiki wa New York.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: riwaya ya Dan Brown ilitoka mwaka 2003 ikauza makumi ya mamilioni ya nakala duniani. Muvi iliongozwa na Ron Howard, Tom Hanks akawa profesa Robert Langdon, na ndiyo iliyofungua tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2006. Waandishi wa habari waliooneshwa kabla ya wengine walicheka sehemu ambayo haikukusudiwa kuchekesha. Kesho yake magazeti yakaishukia: ndefu, baridi, maelezo mengi kuliko matukio. Hata nywele za Tom Hanks hazikusalimika. Ukikusanya wahakiki wote wa Marekani na Uingereza, waliosema ni nzuri ni kama robo tu.

Pamoja na kipondo hicho ikaingiza takriban dola milioni 760 duniani, wakati kuitengeneza kuligharimu kama milioni 125.

Sisi wa mikoa ya korosho jambo hili linatushangaza kidogo. Kwetu mzigo unapangwa daraja ghalani kwanza, ndipo unaingia mnadani, na daraja ndilo linalosema bei. Kwenye muvi iliyotoka kwenye kitabu kilichopendwa, mnunuzi ameshalipa moyoni tangu siku alipofunga ukurasa wa mwisho. Mhakiki anakuja na daraja lake wakati mzigo umeshauzwa.

Sasa muvi yenyewe. Ina dakika 149, na nyingi ni za watu wawili wanaoelezana historia ndani ya gari, ndani ya ndege, ndani ya kanisa. Kwenye kitabu hilo halisumbui. Sura ni fupi fupi, kila moja inakukatia mahali pabaya, ukisema nalala unajikuta umefungua nyingine. Tena fumbo unalifumbua wewe mwenyewe pamoja na Langdon. Unaweza kuchukua kalamu ukapanga herufi kabla hajazipanga yeye. Kwenye muvi herufi zinang'aa zenyewe, Langdon anakodoa macho, jibu limepatikana. Umenyimwa kazi uliyoipenda.

Wahakiki hapo hawakukosea, nami nakubaliana nao. Wanachokosa ni kitu kimoja: mimi sikwenda kutafuta fumbo, nililijua tayari. Nilitaka kuona ile Louvre, jumba la makumbusho la Paris, usiku, mzee aliyeuawa amelala sakafuni. Nilitaka kumwona Silas, yule mtawa anayejitesa, na Paul Bettany amemfanya vile nilivyomuwaza, pengine akazidi. Ian McKellen akiwa Teabing, yule mzee mwanahistoria, ndiye anayeibeba muvi nzima. Kila anapoingia, hata Tom Hanks anaonekana kuamka. Msomaji anaenda kwenye muvi kama hii kukagua tu: wamempataje fulani, wameacha nini, mwisho wameugusa? Maswali hayo hayajibiwi na nyota za gazetini.

(Jambo dogo kwa wanaopenda majengo: kanisa mnaloliona kama Westminster Abbey kwa ndani ni kanisa kuu la Lincoln. Westminster waliwakatalia kupiga picha, kitabu hakikuwapendeza.)

Kuhusu dini niseme wazi, maana huku kwetu tunaishi pamoja na majirani wanaulizana. Hadithi inasema Yesu alioa na kuacha kizazi. Ni riwaya, si historia, lakini viongozi wa Kanisa Katoliki waliipinga waziwazi, na nchi kama Samoa na Pakistan ziliipiga marufuku. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu, Mkatoliki wa upande wa Ndanda, aliniambia hawezi kuigusa. Namheshimu. Ila angalia: kilichomzuia ni imani yake, waliyosema wahakiki wala hayajui. Na nadhani zile kelele za makanisani zilijaza kumbi nyingi kuliko sifa yoyote ambayo gazeti lingetoa. Ukimwambia mtu usitazame, umemtangazia.

Baadaye nikaikuta tena mahali nisipotarajia, kwenye kibanda umiza, ikiwa imetafsiriwa. Ulikuwa msimu wa korosho, pesa iko mjini, vibanda vimejaa mpaka watu wanakaa kwenye ndoo. DJ aliyeitafsiri alifanya ambalo Ron Howard hakuthubutu: maelezo ya historia aliyaruka. Langdon akianza mhadhara, DJ anasema, "Profesa anaeleza mambo ya zamani hapa, tuachane naye, polisi huyoo anakuja!" na kibanda kizima kinacheka. Silas akampa jina la kumtania kila akitokea. Waliokuwa pale hawajawahi kusikia kitabu wala mhakiki, na walitoka wakiwa wamefurahi. Nilijifunza zaidi kuhusu kasoro ya muvi hiyo kutoka kwa DJ kuliko kutoka kwenye tahakiki yoyote, kwa kuwa yeye alionesha kwa vitendo nini kilipaswa kukatwa.

Je, basi kupondwa hakuna maana? Hapana, sifiki huko, na ushahidi uko kwenye muvi zilizofuata. Angels & Demons ikatoka 2009, Hanks yule yule, Howard yule yule: kama dola milioni 485. Inferno ikatoka 2016: kama milioni 220. Kila mmoja ana maelezo yake, kuna atakayesema homa ya kitabu ilikuwa imepoa, na ni kweli imo. Mimi naona kwamba mara ya kwanza msomaji alikwenda kwa mapenzi ya kitabu, akakuta kile alichoambiwa na wahakiki. Mara ya pili akakumbuka. Tahakiki mbaya haikumfukuza mlangoni, ila ilipogeuka kuwa uzoefu wake mwenyewe, ndipo ilipouma.

Kuna na kisa cha kinyume kabisa, tena cha Tom Hanks huyo huyo. The Bonfire of the Vanities, riwaya ya Tom Wolfe ya mwaka 1987, ilipendwa sana Marekani. Muvi yake ya 1990 iligharimu kama dola milioni 47, ikapondwa, ikaambulia chini ya milioni 16 kwenye kumbi za huko. Kitabu maarufu hakikuiokoa. Tofauti ninayoiona ni wasomaji. Riwaya ya Wolfe ilikuwa ya kuwasimanga matajiri, wanasheria na waandishi wa New York, na waliokipenda kitabu hicho wengi ni watu wanaosoma magazeti hayo hayo yaliyoiponda. Mhakiki ni mtu wao. Dan Brown anasomwa na watu wa kwenye ndege, kwenye basi, hospitalini wakisubiri kuitwa. Mhakiki kwao ni mgeni.

Nikirudi nyumbani, kitabu kinachosomwa na wengi Tanzania mara nyingi ni kile kilichowekwa kwenye mtaala. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi wamepitia wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita, wanamjua Yasmini na Denge kama wanavyowajua majirani. Amil Shivji akaitengenezea filamu, ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021, ikapata tuzo kwenye lile la Carthage, Tunisia, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Huko nje imesifiwa kwelikweli. Nilipoiulizia pale laibrari, kijana akanijibu, "Hiyo sina ticha, hakuna anayeiulizia." Ana muvi ya Kimarekani iliyopondwa na dunia nzima, hana ya Kitanzania iliyosifiwa. Na wasomaji wa kitabu hicho wako mita chache kutoka dukani kwake, wamevaa sare za shule!

Hapa ndipo sifa zinapokuwa na kazi ya kweli. Muvi isiyo na matangazo ya mamilioni inahitaji mtu wa kuisemea, na iwe mahali inapopatikana. Sifa za Toronto hazipandi basi kuja Mtwara. Ingekuja ikaoneshwa kwenye bwalo la shule, kwa kiingilio, tungejaza, na wanafunzi wangeibana kuliko mhakiki yeyote: mbona mmeacha hili, mbona Mwajuma mmemfanya hivi. Nimewafundisha, najua wanavyobisha.

Kwa anayetaka kuichukua The Da Vinci Code sasa: kama umesoma kitabu, chukua, utainung'unikia na utaifurahia. Kama hujasoma, anza na kitabu, au tafuta ile iliyotafsiriwa. Omba yenye maandishi chini kama Kiingereza cha haraka kinakusumbua, sababu kuna Kifaransa na Kilatini ndani, na uipime sauti palepale dukani kabla hujalipa. Nakala niliyopewa mara ya kwanza midomo ilikuwa inatangulia maneno, ingawa kijana alinibadilishia bila ubishi.

Angels & Demons ni nyepesi zaidi, ina mbio, naipa tatu pia. Inferno sikuimaliza. Niliifuta kwenye flashi nikaweka tamthilia ya Kituruki, wifi yangu ndiye aliyekuwa anaisubiri.