Chai ya Mufindi, Rungwe na Amani: ipi nainunua tena

Mimi ni mnywaji wa chai ya rangi, niliseme hilo mapema. Si kwa amri ya daktari wala kwa kubana matumizi, naipenda tu hivyo: kikombe kikubwa asubuhi, sukari kidogo, bila maziwa, bila tangawizi. Nyumbani niko peke yangu kwenye chama hicho. Mke wangu ni mtu wa Muheza, na kwao chai isiyo na iliki na maziwa ni maji ya kunawia tu. Watoto wamemfuata mama yao. Kwa hiyo asubuhi jikoni kwetu kuna sufuria mbili, na pakiti yoyote ya majani inayoingia ndani inapimwa mara mbili, mara moja ikiwa kavu na mara nyingine ikiwa ndani ya maziwa na viungo. Majibu ya sufuria hizo mbili mara nyingi hayafanani, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nazitaja chai hizi kwa maeneo zilikolimwa, siyo kwa majina ya wapakiaji. Pakiti nyingi za kawaida dukani ni mchanganyiko wa majani ya viwanda tofauti, umepangwa ili ladha ya mwezi huu ifanane na ya mwezi uliopita. Hakuna ubaya, lakini mchanganyiko haukuambii kitu kuhusu mlima wowote. Ninazotafuta ni zile zilizoandikwa zimetoka wapi, au zile ambazo mtu wa huko amenifungashia mwenyewe.

Naanza na Mufindi kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mashamba yale yako juu, mengi yakikaribia mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi ya kukata mifupa. Wakati huo mmea hauna haraka. Mvua zikinyesha kweli kweli, majani yanachipua kwa wingi na wachumaji hawapumziki. Baridi ikishika, kikapu kinajaa taratibu, na kile kidogo kinachochumwa ndicho kina harufu. Nikiipika, rangi yake ni nyekundu inayoelekea machungwa, angavu, unaona hadi chini ya glasi. Ulimini inachangamka. Kuna ukakasi kidogo pembeni mwa ulimi, halafu unaondoka na kukuacha na hamu ya funda jingine. Haihitaji msaada wa kitu chochote.

Ukiipeleka kwenye sufuria ya pili, mambo yanabadilika. Maziwa yanaimeza. Mke wangu hulazimika kuongeza kijiko cha majani, kisha analalamika kwamba pakiti imeisha kabla ya mwisho wa mwezi, na hapo ana haki.

Rungwe ni kinyume chake. Ukipita barabara ya Mbeya kwenda Kyela utaiona chai pembeni ya barabara maeneo ya Katumba, vishamba vya wakulima wadogo vimebanana na migomba, udongo mweusi wa volkano, na mvua ambayo watu wa Tukuyu wameshaacha kuihesabu. Chai yake ina mwili. Inatoa rangi nzito haraka, na ukiimiminia maziwa haigeuki kuwa nyeupe iliyochoka, inakuwa rangi ya tofali. Hiyo ndiyo chai ya maziwa nitakayompa mgeni. Ikiwa kavu naiona nzito mno kwa asubuhi, ingawa jioni, na kipande cha muhogo wa kuchemsha, siikatai.

Amani, huko Usambara Mashariki, ina historia ndefu kuliko zote hizi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902 na wakaijaribu chai pamoja na mimea mingine chungu nzima. Leo mashamba ya Kwamkoro na Bulwa yamekaa katikati ya msitu. Pale ni chini zaidi kuliko Mufindi, kama mita 900 hivi, na nadhani inaonekana kikombeni: rangi nzuri, nguvu ya kutosha, harufu ndogo. Kwangu ni chai ya kawaida. Lakini ikipikwa na iliki, mdalasini na karafuu moja, inakaa kimya na kuviacha viungo viongee, na huenda ndiyo sababu watu wa Tanga wanapika chai wanavyopika. Mke wangu anaipa nafasi ya kwanza. Nimemwambia hawezi kuwa hakimu kwenye kesi ya kwao.

Hizo tatu nilizozieleza ni za chenga, zile punje ndogo ngumu tulizozizoea sote. Jani likishanyaushwa kiwandani linapitishwa kwenye roli zenye meno, linasagwa, linachanwa na kuviringishwa, ndipo linaachwa libadilike rangi kwa hewa na kukaushwa. Njia hiyo ilianza Assam miaka ya 1930 na ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki. Faida yake kwa mpikaji ni kwamba rangi inatoka upesi na kijiko kimoja kinatosha watu wengi. Hasara yake ni kwamba haisamehe: ukiichemsha dakika kumi inakuwa chungu, na uchungu huo hauondolewi na sukari, unafunikwa tu.

Na hapa nina neno na vibanda vyetu vya chai. Sufuria inatengwa alfajiri, saa nne bado inatokota, kila majani yakichoka yanaongezwa mengine juu yake, kisha tangawizi inatwangwa nyingi ili mteja asijue. Mteja anasifia: chai ina nguvu! Nguvu hiyo ni ya tangawizi. Siichukii, nimewahi kuinywa Uyole asubuhi ya Julai, mikono imekufa ganzi, na sikuwa na hoja yoyote ya kupinga. Ninachosema ni kwamba nchi inayolima chai nzuri hivi ina watu wengi ambao hawajawahi kuonja ladha ya jani lenyewe, maana kila siku limevikwa kitu. Jaribu mara moja. Chemsha maji, epua, tia majani, funika, subiri dakika nne, chuja. Usirudishe jikoni.

Kabla ya kulaumu majani, angalia maji. Hili limenisumbua kuliko kingine chochote tangu tuhamie huku Tabata. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na hata pale ambapo chumvi haisikiki sana ulimini, maji ni magumu. Mufindi ileile, iliyokuwa ikitoka nyekundu angavu kwa maji ya bomba, kwa maji ya kisima inatoka kahawia iliyopauka, na juu yake unaelea utando unaong'aa, ule unaoacha alama kwenye kikombe kama mstari wa bahari ikikupwa. Harufu inapotea yote. Tangu nijue hivyo, maji ya kupikia chai yana dumu lake, na mtoto yeyote anayechota humo maji ya kuoshea vyombo anajua kesi yake. Maji ya mvua, ukiyakinga baada ya paa kuoshwa, ndiyo mazuri kabisa.

Jambo la pili ni duka. Chai hunyonya harufu, na maduka yetu ya mtaani hupanga bidhaa kwa urefu wa rafu, si kwa tabia ya bidhaa. Nimeshanunua pakiti ya karatasi iliyokaa jirani na sabuni ya unga. Nilipoifungua nikajua siku hiyo nitakunywa kahawa. Sasa natafuta pakiti yenye utando wa foili ndani, naangalia tarehe ya kupakiwa kabla ya bei, na nikifika nyumbani naimimina kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Pakiti iliyokunjwa mdomo na kubanwa na kibanio cha nguo inakufa ndani ya wiki chache kwenye joto la pwani.

Vifuko vya kuchovya sivipendi, na sababu ni rahisi: ndani yake mara nyingi huwa kuna vumbi, daraja la chini la chenga, ambalo hutoa rangi yote kwa mkupuo na kuisha. Ofisini navivumilia. Shemeji yangu anayeishi Leicester hutuletea kila akija boksi la chai ya Kiingereza, zawadi inayopokelewa kwa heshima zote na kuwekwa kabatini kwa ajili ya wageni. Ni chai nzuri, siibezi. Ila Uingereza hununua chai nyingi kutoka Kenya kuliko inavyonunua kutoka nchi nyingine yoyote, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba majani yale yalipita mnada wa Mombasa, yakavuka bahari, yakafungwa kwenye vifuko vya karatasi, kisha yakapandishwa ndege kurudi kwa jirani. Shemeji hajapenda nilipomweleza.

Tukiwa bado Kenya: mfanyakazi mwenzangu aliniletea kutoka Nairobi chai ya zambarau. Hiyo ni aina iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kenya mwaka 2011, inaitwa TRFK 306, na majani yake shambani ni ya zambarau kweli kwa sababu ya kemikali ileile inayotia rangi zabibu nyeusi. Kikombeni inatoka hafifu, kijivu chenye zambarau kwa mbali, si rangi ya kumtamanisha mtu. Ukikamulia limau inageuka waridi mbele ya macho yako. Watoto waliimaliza pakiti kwa ajili ya mchezo huo. Kwa ladha, ni nyepesi, ina ukakasi safi, na baada ya kikombe cha pili nilikuwa naitamani Mufindi. Siinunui tena, ila ningeipokea kama zawadi.

Kitu kilichonishangaza mwaka huu ni majani mazima ya Njombe. Yale ya chai nyeusi yasiyopitia roli za meno, yaliyosokotwa na kukauka yakiwa marefu marefu, unayatia kwenye maji ya moto na kuyaona yakifunguka hadi jani linarudi kuwa jani. Bei yake ni ya kusimama na kufikiri, mara kadhaa ya pakiti ya chenga yenye uzito uleule. Lakini unaweza kuyamiminia maji mara ya pili na yakakupa kikombe cha maana, na harufu yake, sijui niieleze vipi, iko kati ya asali na nyasi zilizokatwa jua likiwa kali. Hayataki kuchemshwa na hayataki maziwa. Nilipowapa wa nyumbani, mke wangu alionja, akanyamaza, akaenda kuchukua iliki. Nikayaficha.

Ya kijani kutoka hukohuko niliijaribu pia. Maji yanayotokota yanaiharibu, inabidi uepue na kungoja kidogo kabla ya kumimina. Nilifuata masharti yote, bado ikanikumbusha maji ya mchicha. Dada yake mke wangu anaipenda, anasema inampunguza mwili. Pakiti iliyobaki nimempa.

Kuna jambo moja la afya ambalo wanywaji wenzangu wa chai ya rangi hatupendi kuambiwa, ila kliniki huwasisitizia akina mama wajawazito: chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kunyonya madini ya chuma. Kwa hiyo kwetu chai ni ya kabla, au saa nzima baada ya kula. Maandazi yamesamehewa.

Sasa kabatini kuna makopo mawili ya kudumu. La kwanza ni la Mufindi, langu. La pili ni la Rungwe, la familia, nalo hufika kwa njia ya mzigo wa basi kutoka Tukuyu. Rafiki yangu wa huko hununua, anafunga vizuri kwa nailoni, anaandika namba ya simu juu ya boksi, nami naenda kulichukua stendi Magufuli usiku. Nauli ya mzigo ni ndogo ukiigawanya kwa kilo kadhaa, na majani yanakuwa mapya kuliko chochote nilichowahi kukipata kwenye rafu za hapa mjini. Ya Amani huja yenyewe, mama mkwe akitutembelea.

Majani mazima ya Njombe ndiyo bado shida. Dukani mtaani kwetu hayapo, wala sokoni. Mimi nimeyapata kwenye duka la zawadi za watalii, ndani ya kimfuko chenye picha ya twiga, pakiti ndogo yenye bei kubwa, na muuzaji alianza kwa kunisalimia kwa Kiingereza. Wenye mashamba wangenisikiliza ningewaomba jambo moja: wafungashe gramu mia kwa karatasi ya kawaida, waandike mwezi yalipochumwa, waache twiga. Mtu wa Tabata akitaka chai ya Njombe asilazimike kuitafuta katikati ya vinyago.