LibreOffice kwenye kompyuta ya nyumbani: uzoefu wangu

Kwa mtu anayeandika barua, CV, bajeti ya nyumba na kazi za shule za watoto, sioni sababu ya kulipia programu ya ofisi kila mwaka. Nchini Marekani, Microsoft 365 Personal ilipanda hadi dola 99.99 kwa mwaka mnamo Januari 2025, na Office Home 2024, ile ya kununua mara moja, ilitoka kwa dola 149.99. LibreOffice, programu ya ofisi yenye Writer ya kuandikia na Calc ya majedwali ya hesabu, ni bure, haina matangazo, haidai akaunti, na ukishaisakinisha haili bando. Inakwama mahali fulani fulani, na sababu zinajulikana, kwa hiyo mengi yanazuilika ukiipanga vizuri siku ya kwanza.

Faili la kusakinisha kwenye Windows lina takriban MB 350. Lipakue libreoffice.org kwenyewe. Kama kompyuta yako bado ni ya Windows 7 au 8, tafuta toleo la 25.2, kwa sababu kuanzia 25.8 hazikubaliwi tena. Wakati wa kusakinisha usibonyeze Next mpaka mwisho. Chagua Custom, fungua Optional Components, kisha Dictionaries, uwashe Kiswahili. Baadaye ingia Tools, Options, sehemu ya lugha, uweke Swahili kuwa lugha ya nyaraka. Kamusi hiyo ni msaada mkubwa, ila vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi huishinda, hivyo tegemea mstari mwekundu chini ya maneno sahihi. Bofya kulia na uyaongeze kwenye kamusi yako, yatatulia.

Writer huhifadhi kazi kwa .odt usipoielekeza vingine. Ukimtumia mtu faili hilo kwa WhatsApp, huenda simu yake isilifungue, na Word ikilifungua mpangilio unaweza kuhama. Nenda Tools, Options, Load/Save, General. Kwenye Always save as chagua Word 2010–365. Fanya hivyo pia kwa Spreadsheet na Presentation, maana kila aina inapangwa peke yake. Ukiwa hapohapo, weka AutoRecovery iwe kila dakika 3 na uwashe Always create backup copy. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika utaona faida yake.

Malalamiko makubwa ninayoyasikia ni kwamba LibreOffice inaharibu mpangilio. Mara nyingi tatizo ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice inakuja na Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule. CV ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Calibri itabaki ukurasa mmoja, kwa kuwa kila mstari unaishia palepale. Kwenye kompyuta isiyo na Calibri, utaona jina lake limeandikwa kwa mlalo kwenye kisanduku cha fonti. Maana yake fonti haipo na imewekewa mbadala, lakini ndani ya faili jina la Calibri limehifadhiwa. Liache hivyo. Ukibadilisha maandishi yote kuwa Carlito kisha ukamtumia mwenye Word, kompyuta yake haina Carlito, itachagua fonti nyingine, na hapo ndipo kurasa zinapovurugika. Aptos, fonti ya kawaida ya Word mpya, haina mbadala wa namna hii. Nyaraka zake zinaweza kuhama mistari na hata kuongezeka ukurasa. Kama ni yako, iandike upya kwa Calibri au Arial.

Kwa kuchapisha steshenari, usipeleke faili la Word (.docx) kabisa. Toa PDF kupitia File, Export As, kisha Export Directly as PDF. Kitakachotoka kwenye printa ndicho ulichokiona nyumbani.

Calc inatosha kwa hesabu za duka, vikoba na matokeo ya darasa. Fomula ya kutafuta data, VLOOKUP, ipo siku zote, na XLOOKUP iliongezwa kwenye toleo la 24.8. Faili la Excel likifunguka na jumla zinazoonekana za zamani, bonyeza Ctrl+Shift+F9. Calc huonyesha majibu yaliyohifadhiwa ndani ya faili bila kukokotoa upya, mpaka uiamuru. Makro za VBA (amri za Excel zinazojiendesha) hukubali baadhi tu, na Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kupanga data, haipo. Mhasibu anayeishi ndani ya makro anunue Office halali. Hapo pesa yake inakwenda mahali pake.

Kwenye RAM ya GB 4 na diski ya HDD, kuifungua mara ya kwanza baada ya kuwasha kompyuta ni polepole, halafu inachangamka. Kama maandishi yanacheza au yanaacha kivuli kwenye skrini, huenda kadi ya picha ni ya zamani: ingia Options, View, washa Force Skia software rendering, kisha uifungue upya. Menyu zikikuchanganya kwa kuwa umezoea Word, View, User Interface, Tabbed itakupa mpangilio wa vichupo unaofanana na wake.

Usiichanganye na Apache OpenOffice. Ile inafungua .docx lakini haiwezi kuhifadhi kwa .docx. Na Office ya kukraki naikataa moja kwa moja. Programu za kuiwasha huomba uzime kinga ya virusi kwanza, na kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye picha za familia na nywila za benki.

Nyaraka moja tu ndiyo huifungua kwingine: fomu ya ajira au chuo yenye visanduku vya kujaza iliyotengenezwa kwa Word. Hiyo ijaze kwenye Word ya mtandaoni, ambayo ni bure kwa akaunti ya Microsoft na GB 5 za OneDrive. Bando litatumika kidogo, lakini mara nyingi visanduku vitakaa mahali pake, ingawa fomu za mtindo wa zamani au zilizofungwa huenda zisijazike huko. Ukimaliza, ipakue na uihifadhi pamoja na nyingine.