Wali kuku wa mkokoteni Manhattan, dola 9 tu, ila angalia saa unayoenda

Mara ya kwanza nilienda saa kumi jioni nina njaa balaa na kusema kweli sikuelewa watu wanasifia nini hapo. Kuku mkavu kama kuni, wali umeshikana mabonge, jamaa mwenyewe anaongea na simu huku ananipakulia bila hata kuniangalia. Nikala nusu nikatupa. Ningeandika siku ile ingekuwa matusi matupu. Bahati nzuri kuna mshikaji kazini anakula pale karibu kila siku, nikamlalamikia, akaniuliza wewe umeenda saa ngapi, nikamwambia, akacheka mpaka akakaa chini. "Nenda saa sita na nusu mchana halafu ndo uje uongee."

Nikaenda. Aisee utadhani ni mkokoteni mwingine kabisa.

Kwa ambao hawajafika New York, huku maeneo ya maofisi karibu kila kona kuna kigari cha chuma kina mwavuli juu, pembeni picha za misosi zimepauka kwa jua, na neno HALAL limeandikwa kubwa kiasi kwamba hata aliyeko ng'ambo ya barabara analiona. Wauzaji wengi ni Wamisri na Wabangladeshi, Waafghani nao wapo. Menyu inafanana kote: wali na kuku, wali na kondoo, wali mchanganyiko, au unajaziwa nyama kwenye mkate wa pita, na wasiokula nyama wana falafeli, yaani madonge ya dengu ya kukaanga. Huu wa kwangu hauna hata jina, uko Midtown, yaani katikati ya Manhattan, upande wa mashariki, na kona siitaji kwa sababu foleni iliyopo inatosha, msiniongezee watu.

Mwenyewe ni mzee wa Kimisri. Siku ya pili nilimsalimia Assalaam alaykum nikamwita ami, akashtuka, akaniuliza umejifunza wapi Kiarabu, nikamwambia hicho ni Kiswahili mzee wangu, kwetu pwani baba mdogo ndo ami. Kumbe na kwao ni amm. Tangu siku hiyo naongezewa kuku bila kuomba kwa hiyo sifa nyingine humu zichukulieni kwa tahadhari kidogo haha.

Sasa kuku. Ni mapaja yasiyo na mfupa, yamelala kwenye viungo tangu usiku, anayatandaza kwenye bamba la moto na anayaacha, hayagusi, mpaka upande mmoja ushike rangi ya kahawia. Akigeuza ndo anachukua vile vyuma viwili bapa na kuanza kuyakatakata hapo hapo juu ya moto, ka-ka-ka-ka-ka, yule mtu wa zege anavyovuruga chipsi na yai kwenye kikaango basi huyu ni mara tano yake, kelele unazisikia kabla hujapinda kona. Vipande vinatoka vidogo, pembeni vimeungua ungua kidogo na katikati bado vina maji. Shida ni kwamba vikishakatwa anavisukuma pembeni ya bamba kusubiri wateja, na pale moto bado upo, mdogo lakini upo. Saa sita na nusu foleni ni ndefu, rundo halikai hata dakika kumi limeisha. Saa kumi jioni lile rundo limekaa pale lisaa lizima linakaukia, na hicho ndo nilichokula mimi siku ya kwanza. Kwa hiyo foleni ikiwepo msiikimbie, na mkikuta rundo kubwa la nyama na hakuna mteja, piteni tu kama hamjaona.

Kondoo sijampenda sana. Wanaita kondoo lakini kawaida ni nyama ya kusaga ya ng'ombe na kondoo imechanganywa ikagandamizwa pamoja, inakatwa slesi nyembamba. Chumvi nyingi. Ukitaka kuonja chukua mchanganyiko, usijilipue na sahani nzima.

Wali ni mchele mrefu, wa njano kwa bizari, una mafuta kiasi. Jamani sio pilau. Wala sio biriani. Naona Wabongo wakifika huku wanaanza ooh hauna iliki, ooh hauna mdalasini, mara vitunguu havijaungua vizuri. Kazi ya huu wali ni kubeba kuku na kunywa sosi basi, na hiyo kazi unaifanya vizuri. Mboga ni saladi iliyokatwa na nyanya mbili tatu za rangi ya maji, zipo kwa ajili ya picha.

Sosi ndo inataka akili. Ipo nyeupe na ipo nyekundu. Nyeupe ina mayonezi ndani, siki unaisikia, pilipili manga unaiona kabisa, mengine kila mtu anakisia na ami ukimuuliza anajifanya hasikii Kiingereza. Ni tamu kwelikweli. Tatizo ukimwambia "kidogo", kidogo yake yeye ni zigizaga nane kutoka mwanzo wa boksi mpaka mwisho, wiki ya kwanza nilikula kitu kama uji. Sasa hivi namwambia anitilie kwenye kikopo pembeni, anavyo vile vya plastiki vyenye kifuniko, hatozi chochote. Nyekundu ni pilipili kavu, haina utani, matone matatu manne kwa sahani nzima. Sizungumzii uoga hapa, nakula pilipili mbuzi toka mtoto, nazungumzia kwamba ukizidisha hutasikia tena ladha ya kuku uliyempangia foleni.

Bei ni dola 9, na soda inakuwa 10. Kwa Midtown hiyo ni rahisi mno, maana nyuma yake tu kuna mgahawa wa saladi nalipa dola 16 na saa tisa njaa imesharudi. Hili boksi la foili mimi silimalizi. Nala nusu mchana, nusu nabeba nyumbani, ila kabla ya kupasha toa majani ya saladi kwanza, yakipata moto yanakuwa kama tambi mbichi, utachukia chakula chote bure.

Wakongwe watakwambia zamani ilikuwa dola 5. Nilimuuliza ami, akanyoosha kidole kwenye kile kibati cha leseni kilichogongwa ubavuni mwa mkokoteni. Kumbe jiji liliweka kikomo cha leseni za mikokoteni ya chakula miaka ya 80, kama 3,000 hivi, kwa hiyo watu wakawa wanazikodisha chini kwa chini. Leseni ambayo jijini inalipiwa kama dola 200 kwa miaka miwili, mtaani imekuwa ikikodishwa kwa zaidi ya dola 20,000. Mwaka 2021 walipitisha sheria ya kutoa leseni mpya 445 kila mwaka kwa miaka kumi, ila foleni ya wanaozisubiri bado ni ndefu kuliko hii ya wali. Ongeza gesi, ongeza barafu, ongeza gereji, maana mkokoteni hauruhusiwi kulala barabarani, kila usiku lazima urudi kwenye gereji maalum ukaoshwe. Ami anatoka kwake alfajiri na kurudi usiku. Kusema ukweli tangu anieleze hayo silalamiki tena kuhusu bei kupanda.

Usafi: una herufi A ya idara ya afya, siku hizi mikokoteni inapewa madaraja kama migahawa, angalieni herufi kabla ya kuangalia picha. Bamba analikwangua kila baada ya muda. Kilichonikera ni glavu, anapokea noti kwa mkono ule ule wenye glavu halafu anashika mkate wa pita. Sasa glavu ya nini hapo? Nilimwambia kwa heshima, akacheka akabadilisha, wiki iliyofuata nikaona amerudia yale yale. Dawa niliyoipata ni kulipa kwa simu.

Kuhusu uhalali wa nyama yenyewe, neno kwenye mwavuli halitoshi, yeyote anaweza kulichapisha. Niliuliza anapochukua kuku, hakununa, akafungua friji ya chini akanionyesha boksi lenye muhuri na jina la wachinjaji. Mwenye mkokoteni akikasirika kwa swali hilo mimi naondoka.

Najua mtu ataniuliza kuhusu The Halal Guys wa kona ya mtaa wa 53 na 6th Avenue. Nimekula na pale. Wale ndo walioufanya huu msosi ujulikane, Wamisri watatu, walianza mwaka 1990 na mkokoteni wa hotidogi, baadaye wakaona madereva teksi Waislamu wanatafuta chakula cha kushiba wakageukia wali, leo wana migahawa nchi kadhaa. Chakula chao kizuri na sosi yao nyeupe nzito kuliko ya ami, nawapa hilo. Ila pale foleni nusu ni watalii wanapiga picha, mimi nina dakika 40 za lanchi. Na kama mko maeneo ya watalii ulizeni bei kabla hajashika kijiko, kuna mkokoteni mmoja huko bei haikuandikwa popote nikajikuta nimelipa dola 18 kwa sahani ile ile.

Pa kukaa hamna. Mimi nakaa kwenye ukingo wa bustani ya jengo la jirani, njiwa wanakuja mpaka miguuni, mmoja alishaninyakulia kipande cha pita sina hata habari. Wakati wa baridi sijui nitafanyaje.

Kitu cha mwisho, Ijumaa. Ikikaribia saa saba ami anaenda kuswali anamwachia kijana wake mkokoteni. Kijana mpole sana ila kukata kuku bado hajui, anaponda ponda tu, na ukimwambia sosi pembeni anaitikia ndiyo ndiyo huku anamimina juu. Ijumaa nendeni kabla ya saa sita.