Darasa la Yoga la Upanga Lililonifundisha Kushusha Pumzi

Kwa miaka miwili nilikuwa nikiumwa kiuno karibu kila siku, na sababu yake haikuwa ngumu kuielewa: mimi ni mwalimu wa sekondari, mchana kutwa husimama mbele ya ubao na usiku huinamia madaftari ya wanafunzi hadi macho yachoke. Daktari aliyenipima hakuona hitilafu ya mfupa, akanionya nisizoee vidonge vya maumivu, kisha akanitajia mazoezi matatu, yaani kutembea, kuogelea na yoga. Nilichagua yoga kwa sababu darasa lipo Upanga, mtaa wa Dar es Salaam, jirani na njia yangu ya kurudi nyumbani, nami nimelihudhuria kwa miezi minne mfululizo, kila Jumatatu na Alhamisi, muda ambao naamini unatosha kulitolea tathmini ya haki.

Ukumbi upo ghorofa ya pili, una feni na madirisha mapana, na kipindi huanza saa 11:30 jioni na kuchukua dakika 75. Ada ni shilingi 15,000 kwa kipindi kimoja au 100,000 kwa mwezi. Mikeka ya raba hutolewa bila malipo, ingawa mimi hubeba wa kwangu.

Kinacholitofautisha darasa hili na mazoezi mengine niliyowahi kujaribu ni kwamba mwalimu huanza na pumzi, viungo hufuata baadaye. Robo saa ya kwanza tunalala chali, kiganja kimoja kifuani na kingine tumboni, tukiangalia ni kipi kinachoinuka tunapovuta hewa. Siku yangu ya kwanza kiganja cha kifuani kilipanda na kushuka kwa haraka, na kile cha tumboni kikatulia kana kwamba kimegandishwa. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, ndicho kinachopaswa kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kwamba mtu aliyezoea kuishi kwa haraka na wasiwasi huanza kupumulia kifua cha juu, shingo na mabega vikabebeshwa mzigo usio wao. Nilitambua hapo kwamba nimekuwa nikipumua hivyo kwa miaka mingi bila kujua.

Kisha huja kuhesabu: tunavuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, polepole, puani. Ukifuata hesabu hiyo kwa sekunde unapata pumzi sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na hupungua tunapoitoa, kwa hiyo kurefusha utoaji wa hewa ni kuupa moyo nafasi ya kutulia, na neva ndefu ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, ndiyo inayoupelekea ujumbe huo. Nilijaribu mwenyewe kwa kuweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nikausikia mpigo ukichelewa kila nilipotoa hewa. Tangu siku hiyo sijaacha kufikiri kwamba Kiswahili kililijua jambo hili zamani, kwani pumzi na kupumzika ni maneno ya shina moja, na tunaposema mtu ameshusha pumzi tunamaanisha kwamba wasiwasi umemtoka.

Mikao inayofuata si ya sarakasi. Tunapiga magoti, tunaweka viganja chini na kupinda mgongo juu na chini, kama paka na kama ng'ombe, tunajinyoosha, tunakaa mkao wa mtoto, yaani kuketi juu ya visigino huku paji la uso likigusa mkeka, na mara chache tunafanya salamu ya jua yenye hatua 12. Kanuni ni moja: unainama wakati hewa inatoka, na pumzi ikianza kukatika umejisukuma mno, rudi nyuma. Mwishoni tunalala kimya kwa dakika kumi katika mkao uitwao wa maiti, ambao kwangu ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa akili hukimbilia mitihani isiyosahihishwa.

Kiuno changu hakijapona kabisa, lakini vidonge nilivyokuwa nikimeza karibu kila siku sasa ninavitafuta mara moja kwa wiki, pengine nisivitafute. Sikushangaa sana, kwa sababu mwaka 2017 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo unaoshauri kwamba maumivu sugu ya mgongo wa chini yaanze kutibiwa kwa njia zisizo za dawa, yoga ikiwemo. Faida ambayo sikuitarajia ni usingizi, pamoja na uwezo wa kusimama mlangoni mwa darasa lenye kelele, nikatoa hewa mara tatu, ndipo nikaingia bila hasira.

Wengi huuliza kama yoga ni ibada. Asili yake ni India, katika mapokeo ya kidini ya huko, na hilo halifai kufichwa. Mzee mmoja aliuliza waziwazi tulipotakiwa kutamka "om", sauti inayotoka katika mapokeo hayo: "Mwalimu, hii ni dua?" Mwalimu akamjibu, "Baba, kwa wengine ni dua, lakini hapa hulazimiki. Kaa kimya usikilize pumzi yako tu." Mzee alibaki, na bado anakuja.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Jioni moja tulipewa mwalimu wa muda aliyetutaka sote, wageni na wenyeji, tusimame kwa kichwa, akawashika miguu waliositasita. Niliumwa shingo wiki nzima. Mkao huo haumfai mwenye shinikizo la juu la damu wala mwenye ugonjwa wa jicho wa glakoma, na kubana pumzi kwa muda mrefu au kupumua kwa kasi hakumfai mjamzito, lakini hakuna aliyetuuliza hali zetu. Fomu ya afya ipo, ila imeandikwa kwa Kiingereza kitupu na hujazwa haraka mlangoni.

Mwenye lengo la kupunguza uzito haraka atapata anachokitaka kwingine, na anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu ya darasa hili. Mwenye mgongo uliochoka, usingizi uliokatika au roho isiyotulia, ninampendekezea aanze na kipindi kimoja cha Jumatatu, ambacho wahudhuriaji wake ni wachache. Mimi nimekwisha kulipia mwezi wangu wa tano, na nimejitolea kuitafsiri ile fomu kwa Kiswahili. Mwalimu amekubali kuisoma na kila mgeni kabla hajatandika mkeka.