Mfarishi wa kuning'iniza chini ya bembea: uzoefu wangu kwenye baridi

Anayelala kwenye bembea, yaani kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, usiku wa baridi huumia kwanza kiunoni na makalioni. Kifua kiko sawa, miguu inavumilika, lakini huku chini kunaganda. Wengi huulaumu mfuko wa kulalia, wananunua mwingine mzito zaidi, na baridi inabaki palepale. Manyoya ya mfuko hayatengenezi joto. Kazi yake ni kushika hewa isitembee, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Ukiyalalia, uzito wako unaikamua hewa yote, na kati ya mgongo wako na upepo kunabaki kitambaa tu. Anayelala chini ardhini ana udongo unaomnyonya joto, lakini angalau upepo haupiti chini yake.

Ndiyo maana nikanunua mfarishi wa chini. Wangu ni wa urefu mzima, umejazwa manyoya laini ya bata, ganda lake ni la nailoni, na una uzito wa gramu mia sita na ushee. Unaning'inia nje ya bembea kwa kamba za mpira, kwa hiyo haulaliwi na manyoya yanabaki yamefura. Lebo inasema 800, maana yake aunsi moja ya manyoya hayo hufura hadi kujaza inchi za ujazo 800. Ya 650 nayo hutia joto vizuri, ila utabeba uzito zaidi kupata joto lile lile.

Unafanya kazi? Ndiyo, tena sana, lakini ukifungwa sawasawa. Kwenye kufunga ndiko pesa ya mnunuzi inakopotea, na karatasi ya maelezo iliyokuja nao haikusema lolote la maana kuhusu hilo. Mfarishi ukilegea, kunakuwa na nafasi kati yake na bembea, na hewa baridi inapita humo kama iko kwenye bomba. Ukikazwa kupita kiasi, manyoya yanabanwa kwenye kitambaa cha bembea, na umerudi kwenye tatizo lile la mfuko wa kulalia. Kosa la kulegeza ndilo hutokea zaidi, kwa sababu watu hufunga bembea ikiwa tupu, wakaridhika, kisha wakiingia inashuka na kubadilika umbo.

Funga ukiwa ndani. Lala vile utakavyolala usiku, yaani mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, maana hivyo ndivyo mgongo unavyonyooka kwenye bembea. Kisha mwombe mwenzako apitishe kiganja kati ya mfarishi na bembea, chini ya makalio. Kiganja kipite kikigusa huku na huku bila kusukuma. Kikielea, kaza mpira kidogo kidogo. Kwa vile umelala mshazari, mfarishi nao uvute kidogo ufuate mwili, la sivyo bega moja au kisigino kimoja kitakuwa nje na utakijua saa nane usiku. Mwisho, zikaze kamba za ncha mbili mpaka midomo ya mfarishi izibe, kwenye mabega na miguuni. Ukizivuta mno zinaunyanyua mfarishi utoke kiunoni, kwa hiyo kagua tena kwa kiganja.

Upepo una adabu zake. Mfarishi peke yake, bila turubai, kwenye kilima cha wazi, ni hasara. Mimi hushusha turubai upande unakotoka upepo mpaka karibu liguse ardhi, na hufunga bembea katikati ya mteremko. Bondeni sipapendi, kwa kuwa usiku hewa baridi ni nzito na hutiririka kukusanyika huko.

Kuna wanaosema godoro jembamba la sponji yenye vitundu vilivyozibwa linatosha, na sitawapinga kabisa. Ni rahisi, halinywi maji, na ukikosa miti unalitandika chini ukalala. Kwenye bembea, hata hivyo, linateleza, linatoa jasho, na kwa vile bembea hukukunja mabegani, mabega hutokeza nje ya upana wa godoro na kupigwa na baridi. Blanketi la karatasi ya kung'aa ndilo sikulipenda hata kidogo: linapiga kelele kila ukijigeuza, na asubuhi limejaa matone ya unyevu wa mwili wako mwenyewe.

Malalamiko yangu sasa. Lebo inautaja kuwa wa nyuzi joto 0 za Selsiasi. Kwangu, juu kidogo ya hapo nililala vizuri, lakini baridi ilipofika kwenye barafu nilihitaji kipande cha sponji chini ya kiuno. Manyoya ya bata yakilowa yananywea na hayana msaada tena, kwa hiyo mvua inayoruka kutoka ardhini ni adui wa kweli. Penye ukungu na mvua za kila siku ningechukua wa nyuzi za poliesta, mzito lakini unavumilia maji. Mfuko wa kuubebea ni mdogo mno. Safarini ni sawa, lakini nyumbani uache wazi kwenye mfuko mkubwa, kwani manyoya yaliyobanwa kwa miezi hayafuri tena kama zamani. Vishikizo vya kukazia kamba navyo ni vidogo, na ukivaa glavu huvishiki.

Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi, ukiiweka kati ya mapaja, inasaidia. Nenda haja ndogo kabla ya kulala, na usipumue ndani ya mfuko, mvuke wa pumzi unalowesha manyoya.

Anayelala nje kwenye hali ya hewa ya wastani tu asihangaike na urefu mzima. Wa robo tatu pamoja na kipande cha sponji miguuni unamtosha na ni mwepesi zaidi. Kwa baridi ya kweli nauchagua huu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano wameipoteza kwa vile vishikizo.