Siku tatu mwisho wa reli: Ujiji, Jakobsen na mzee wangu

Mimi ni wa Tabora. Kigoma nimefika mara nyingi kwa shughuli, lakini kutembea hasa, sikuwahi. Unashuka stesheni, unakimbizana na mambo yako, jioni unatafuta tiketi ya kurudi. Safari hii nilimchukua baba, ana miaka sabini na kitu. Ujiji ameisikia tangu utotoni kwa sababu babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, ila kwa macho yake hakuwahi kuiona.

Tulipofika Urambo alikuwa macho, na hapo akaanza habari za Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, jinsi mwaka 1871 alivyoifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji mpaka Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini. Abiria wa kiti cha mbele akageuka kusikiliza. Nikajua nimekuja na mwongoza watalii wangu mwenyewe.

Ujiji tulienda kwa daladala. Kumbukumbu ya Livingstone, pale Stanley alipomkuta, ipo Ujiji hapohapo, miembe inatia kivuli, kuna mnara, na kuna jumba dogo la makumbusho. Ukitegemea makumbusho ya kukumalizia nusu siku, utasikitika. Kubwa la humo ni masanamu mawili ya kimo cha mtu, Stanley na Livingstone wakisalimiana, sura zao ngumu kidogo, na picha za ukutani. Mwongozaji ndiye anayeipa sehemu hii uhai. Kijana mpole, alimwita baba "mzee wangu" tangu getini na hakumharakisha hata mara moja. Alituambia mwembe wa zamani wenyewe ulishakufa, iliyopo ni uzao wake. Nikamuuliza ziwa liko wapi, maana nilidhani walikutana ufukweni. Akasema enzi zile maji yalikuwa juu zaidi na karibu zaidi, yakashuka baada ya mto Lukuga, upande wa Kongo, kuzibua njia yake mwaka 1878. Huo ndio mto pekee unaolitoa maji Ziwa Tanganyika. Mimi nimesoma jiografia mpaka kidato cha nne na hilo sikulijua.

Baba aliyazunguka yale masanamu, akasimama, akauliza: "Na mizigo aliibeba nani?"

Kijana akacheka, lakini hakukwepa. Akamjibu kwamba wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwamba mtu wa kwanza kumkimbilia Stanley pale Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, tena akamsalimu kwa Kiingereza. Huyo Susi na mwenzake Chuma ndio waliokuwa mbele ya msafara uliobeba maiti ya Livingstone baada ya kufariki mwaka 1873, kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakipitia Kwihara kwetu Tabora. Hayo yote nimeyapata mdomoni mwa mwongozaji. Ukutani nilitafuta jina la mpagazi hata mmoja, sikuliona. Hapo ndipo ninapowakata alama, na nimeliandika vilevile kwenye kitabu chao cha wageni. Watu wazunguke na masanamu ya wanaume wawili wanaoshikana mikono, sawa, lakini wa tatu mwenye furushi kichwani yuko wapi?

Siku ya pili ufukwe wa Jakobsen, kusini mwa mji, unapita Katonga. Bajaji patana kabla ya kukaa. Wetu alibadilisha bei tulipofika, akasema barabara mbovu, kana kwamba barabara iliharibika tukiwa njiani. Kiingilio kipo. Chini kuna vighuba viwili vidogo, mchanga safi, na maji maangavu mpaka unaona samaki wadogo wa rangi wakikuzunguka miguuni. Kwa aliyezoea Dar au Tanga, kitu cha ajabu ni kwamba bahari hii haina chumvi wala maji kupwa: unaacha ndala zako saa tatu asubuhi, saa tisa unazikuta palepale. Ukanda wa mchanga wenyewe ni mwembamba, maana miaka ya karibuni ziwa limepanda. Tumbili nao wapo. Mkate wetu waliuchukua mbele ya macho yetu. Ngazi za kushuka zilimtesa mzee, magoti yake si ya kazi hiyo. Ukija na mtu mzima, mpe muda na fimbo.

Nyumba ya wageni tuliyolala sitaitaja. Nitasema tu kwamba kina cha ziwa lile kinafika mita 1,470, unaliona dirishani, na asubuhi mbili mfululizo tulipewa ndoo moja ya maji watu wawili.

Kitu ambacho hakuna aliyenishauri kukiangalia, nami nakishauri, ni stesheni yenyewe. Jengo la Wajerumani, limekaa juu kidogo likitazama ziwa, na reli ilifika hapa mwaka 1914. Tuliwahi saa mbili kabla ya treni makusudi. Mzee mmoja muuza karanga akatusimulia habari za Liemba, meli kongwe ya ziwa hili: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha kwa meli na reli, ikaungwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, mitambo wameipaka grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali lake lilelile. Muuza karanga akamtazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri miaka mingi, akasogeza beseni, akakaa.

Tulirudi na dagaa kilo tatu na mawese chupa mbili. Zifunge kwenye nailoni mbilimbili. Moja ya kwetu ilivujia koti la mzee karibu na Uvinza, na mpaka leo amekataa nilifue.