Hoponius Union ya Jack's Abby: laga kali yenye hopsi nyingi

Kama bia ulizozoea ni Safari, Kilimanjaro au Tusker, hii itakushangaza kabla hujaionja. Fungua kopo, mimina, na harufu itakufikia glasi ikiwa bado mezani. Ni laga kama hizo, lakini imetiwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwa mkono wa mtu anayepika IPA, aina ya bia chungu yenye hopsi nyingi.

Wanaoipika ni Jack's Abby wa Framingham, Massachusetts, magharibi mwa Boston. Ni kiwanda cha ndugu watatu wa ukoo wa Hendler, kilianza mwaka 2011, na walijikita kwenye laga wakati viwanda vidogo vingi vya Marekani vilikuwa vinakimbizana na IPA. Hoponius Union ndiyo jibu lao kwa mashabiki wa IPA: kilevi asilimia 6.5, hopsi za Citra na Centennial, ila hamira ni ya laga.

Tofauti yote iko kwenye hiyo hamira. IPA huchachuka kwenye joto la nyuzi 20 hivi, na hamira yake huongeza harufu zake za matunda. Ya laga hufanya kazi kwenye baridi, karibu nyuzi 10, halafu bia hulazwa kwa wiki kadhaa ikiwa karibu kuganda. Inatoka safi mno. Unachokisikia puani ni hopsi na kimea, basi, na mpishi akikosea hana pa kujificha.

Rangi yake inaelekea shaba. Povu ni jeupe, zito, na kila ukipiga funda linaacha michirizi kwenye kuta za glasi. Harufu inaanza na ganda la balungi linalomenywa, kisha embe bivu, na nyuma yake utomvu wa msonobari. Mdomoni kimea ndicho kinachotangulia, na utamu kidogo wa mkate uliookwa ukaiva vizuri. Kabla hujauzoea, uchungu unaingia. Ni uchungu kwelikweli! Lakini unakatika. Ukishameza, ulimi unabaki mkavu na safi, hauna ukakasi, na mkono wenyewe unarudi kwenye glasi. Hapo ndipo ninapoipendea. Nimeonja laga nyingine za mtindo huu ambazo uchungu wake ulining'ang'ania kooni kama maji ya mwarobaini, na glasi sikuimaliza.

Sasa suala la ubaridi. Nyumbani mhudumu huuliza, "Baridi au ya moto?" Kwa bia hii jibu langu liko katikati. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji kali, embe lote linalala na unabaki na uchungu peke yake. Itoe, iache mezani kama dakika kumi, uimimine kwenye glasi. Tafadhali usiinywe kwenye kopo, maana nusu ya ulichokilipia ni harufu.

Halafu soma tarehe, kila mara. Harufu ya hopsi huisha upesi, na joto na hewa huiua haraka zaidi. Duka moja liliwahi kuniuzia makopo yaliyokuwa yamepangwa rafuni, nje ya friji, yamezeeka. Balungi hakuna, embe hakuna, kuna harufu ya boksi lililoloa na uchungu mtupu. Mtu akianza na kopo kama lile atasema bia hii ni mbaya, na kiwanda hakina kosa lolote. Mimi nachukua za friji tu, na zikipita miezi mitatu naziacha.

Kwa chakula, nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta ndiyo mwenzake hasa. Uchungu unayakata mafuta na kila tonge linakuwa kama la kwanza. Pilipili punguza. Pilipili kali na hopsi vinachocheana, mdomo unawaka mpaka kimea hukisikii tena. Kachumbari iliyojaa pilipili ibaki na Kilimanjaro yake.

Wamewahi pia kutoa Mass Rising, kubwa zaidi, asilimia 8, hopsi juu ya hopsi. Ni bia nzuri ya glasi ndogo, ya kunusa na kuonja taratibu, lakini wepesi wa laga umeshaanza kuzama chini ya kilevi. Hoponius imesimama palepale ninapopataka.

Naipa 9 kati ya 10. Hiyo moja nimeikata kwa sababu kwangu laga ni bia ya kukaa nayo mezani jioni nzima, na hii hairuhusu: kopo moja la mililita 473 lina kilevi cha karibu chupa moja na nusu ya Tusker ya nusu lita. Mbili zinanitosha, na ya pili naifungua chakula kikiwa kimeshafika.